Mota Moja na Vigutu vya Shangazi

Mimi ni mwanamke wa hasira, na sioni haja ya kulificha hilo. Kwa hiyo nitaanza na kunguru.

Kunguru wa Diani hawana adabu. Wanaiba mkate mezani mbele ya mgeni, wanaiba sabuni bafuni, na siku ile walinivunjia kazi. Hoteli moja ya ufukweni ilikuwa imeniita nipige picha za juu: mapaa ya makuti, bwawa, na bahari kwa mbali. Droni yangu ilikuwa imepanda kiasi cha minazi miwili, inavuma kama nyuki, wakaja kunguru watatu. Wawili walipiga kelele tu. Wa tatu akaiparamia. Ikayumba, ikazunguka mara mbili, ikaangukia ukuta wa mawe, mkono mmoja wa nyuma ukakatika pamoja na mota yake. Nilimtukana yule ndege matusi ambayo mama yangu, Mungu amrehemu, angeyasikia angenitia pilipili mdomoni. Meneja aligeuka akaingia ndani, akajifanya hakusikia.

Sikuona kama ni msiba. Mota ya droni ni kitu kidogo, unakifumbata kiganjani kama kungumanga. Huku kwetu hakuna anayeitengeneza, zote hutoka ng'ambo. Jioni ile ile niliagiza mkono mpya na mota yake kwa simu, nikaambiwa siku kumi na mbili mzigo utakuwa Mombasa. Nilikuwa na wiki tano mbele yangu. Nikasema, wakati upo, tena wa kumwaga.

Wiki tano za nini? Hapo ndipo anapoingia Shangazi.

Shangazi ni dada yake baba. Alikuwa akiishi kwenye shamba la babu, ndani kidogo ukitoka barabara kuu ya Msambweni. Alizaliwa pale, akaolewa Shimoni, akaachika, akarudi pale pale. Hati ya shamba hakuwa nayo, wala babu hakuwa nayo. Babu alikuwa na minazi. Zamani, huku kwetu, mtu hakuulizwa karatasi, aliulizwa minazi yake iko wapi. Mtoto akizaliwa, kitovu chake kilizikwa na mnazi ukapandwa juu yake. Babu aliipanda yake kwa kamba, safu kwa safu, hatua tisa baina ya mmoja na mwingine, kwa sababu ujanani aliwahi kufanya kazi kwenye shamba la Mzungu na akajifunza huko kupanga. Ulikuwapo wa baba, ulikuwapo wa Shangazi, na ya wale waliofariki wachanga.

Halafu akaja mdudu chonga. Chonga huutoboa mnazi kileleni, akaula moyo wake, makuti yakaanguka moja moja mpaka mti ukabaki gogo. Minazi ya babu yote ilikufa hivyo, imesimama. Ndivyo tulivyobaki na vigutu, magogo marefu meusi yasiyo na kichwa, na vichaka vikaota katikati yake mpaka ukisimama chini huoni safu wala huoni nini. Shangazi alipanda minazi mingine mipya hapa na pale, popote alipopata nafasi, bila kamba.

Sasa, akatokea mtu mwenye hati. Hatumjui, hatujawahi kumwona. Hati yake ilisema shamba ni lake, na wakili wake akaandika kwamba pale palikuwa pori tupu, na waliomo ni watu waliovamia juzi juzi. Juzi! Shangazi ana miaka zaidi ya sabini. Chifu alituletea barua kutoka afisi ya ardhi: maafisa watakuja Jumatano fulani, baada ya wiki tano, kutazama kwa macho yao kama pana dalili za makazi ya zamani. Wazee ambao wangetutolea ushahidi wote wako chini ya udongo, na wamezikwa kwenye makaburi ya msikitini, si shambani.

Niliipeleka barua ile kwa mzee mmoja wa Ukunda aliyestaafu kazi ya upimaji, ambaye siku hizi anauza rangi na misumari. Aliisoma akiwa amesimama.

"Mna nini cha zamani pale?" akaniuliza.

"Vigutu tu."

"Vimekaa vipi?"

Nikamweleza habari za kamba ya babu. Akavua miwani. "Basi vigutu hivyo ndio mashahidi wenu. Mnazi haujioteshi kwa safu, mama. Na afisa yeyote anajua kigutu cha urefu ule ni cha miaka mingapi. Lakini chini hawataziona safu kwa vichaka hivyo, na hawatajisumbua kutafuta. Wewe si una ile ndege yako? Piga picha kutoka juu, uzichape kubwa, uwawekee mezani. Hapo hakuna wakili wa kusema pori."

Nilitoka pale natembea kwa mikogo. Nikampigia Shangazi nikamwambia nitakuja na ndege nipige picha za shamba, na picha hizo ndizo zitakazotuokoa. Akapiga kigelegele kwenye simu. Lakini sikumwambia ni picha za nini hasa. Shangazi ana maswali elfu, ukimweleza jambo moja anakurudisha mpaka enzi za mababu, na mimi nilikuwa na haraka. Na niseme kweli, palikuwa na kiburi pia. Nilitaka yeye aione ile picha mezani, safu zote za baba yake zimejipanga, ashike mdomo.

Ndipo kunguru akafanya alilofanya, na mzigo wangu ukafika Mombasa, na ukazuiwa.

Nilivuka Likoni asubuhi nikiwa na kitambulisho na karatasi zangu zote ndani ya bahasha. Kaunta ya mizigo ilikuwa na kijana mmoja mstaarabu sana, shati limenyooshwa. Kisanduku changu nilikiona kwenye rafu nyuma yake, jina langu limeandikwa kwa wino mweusi. Ningenyoosha mkono ningekigusa.

"Dada, hiki ni kipuri cha droni," akasema.

"Ndiyo."

"Kibali kiko wapi?"

Nikamwekea kibali mezani. Akakisoma chote, mpaka nyuma. "Hiki ni cha kurusha. Mimi naulizia cha kuingiza."

"Kuingiza nini? Droni imo nchini miaka mitatu, imeandikishwa, namba yake hiyo hapo! Naingiza mkono wake mmoja uliovunjika."

"Kanuni zimekazwa, dada. Droni na vipuri vyake, vyote kutoka nje, ni mpaka kibali. Mota ni kipuri."

"Mota hii ukiiwasha peke yake haiwezi hata kupeperusha leso."

Akacheka, masikini, kisha akaomba radhi kwa kucheka. Nikampenda na nikamchukia kwa wakati mmoja. Aliniandikia kwenye kikaratasi ninapotakiwa kwenda: kwanza wenye mambo ya anga, wao waseme chombo ni halali, halafu wenye mambo ya usalama, wao waseme mimi ni halali, halafu nirudi kwake.

Sisemi serikali ni wajinga. Mimi ni mtu wa Kwale, najua kwa nini wanakiogopa kitu kinachoruka bila mtu ndani. Tumewahi kuishi na askari mabarabarani, tumezika vijana, tumeogopana majirani kwa majirani. Kama ningekuwa mimi kwenye kiti kile huenda ningezuia pia. Lakini kiti kile hakikujua habari za Jumatano yetu.

Wenye mambo ya anga walisema barua itatoka baada ya wenye usalama kuandika yao. Wenye usalama walisema hawawezi kuandika mpaka wa forodha waeleze kwa maandishi ni chombo gani kilichoingia. Nikarudi kwa yule kijana wa shati. Akakuna kichwa, akasema yeye hawezi kueleza kwa maandishi kitu ambacho hakijapata kibali, kwani kwenye kompyuta yake kitu hicho bado hakijaingia nchini.

"Si hicho hapo nyuma yako!"

"Kiko, dada. Lakini hakijaingia."

Lahaula! Nilipiga kaunta kwa kofi mpaka askari wa mlangoni akasogea.

Nilijaribu njia nyingine, nisije nikaambiwa nilikaa kitako. Ile ramani ya kwenye simu, inayoonyesha dunia kutoka angani, niliifungua: juu ya shamba letu palikuwa na wingu jeupe pe, limekaa pale pale, la siku waliyoipiga. Wenzangu wawili wenye droni pale Ukunda niliwaendea. Mmoja, yake ilikuwa imekaa kituoni kwa polisi tangu ilipokamatwa harusini, kwa sababu hakuwa na kibali. Wa pili, kijana wa bara mwenye nywele za kusuka, aliifungia kabatini akaogopa hata kunionyesha. "Mathe, saa hii wanashika kila mtu," akaniambia. "Ikianguka na spea hazikuji, mimi ntakula nini?" Nilikwenda shambani na simu yangu, Jumapili moja, nikapiga picha kadhaa kutoka chini. Zilitoka majani. Majani, na Shangazi mbele yake akitabasamu, kwani kila nilipoinua simu yeye alikuja kusimama mbele na kujitengeneza mtandio. Hata siku ile sikumweleza. Nilisema moyoni, mota itakuja.

Safari yangu ya mwisho Mombasa ilikuwa Ijumaa, siku tano kabla ya maafisa. Yule kijana aliponiona aliinamisha kichwa, nikajua. Akanipa karatasi yenye mhuri. Mzigo usiopata kibali hukaa siku maalumu, na siku za wangu zilikuwa zimekwisha jana yake. Umeshakuwa mali ya serikali, nao utaharibiwa pamoja na vingine.

"Utaharibiwa vipi?"

"Huvunjwa, dada."

"Umevunjika mwingine, nikanunua huu, nao mtauvunja."

"Pole sana," akasema, na alikuwa na huzuni ya kweli. Rafu nyuma yake ilikuwa tupu.

Nikiwa bado upande wa Mombasa, nilimpigia Shangazi.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekipata chombo?"

"Kimezuiwa. Hakiji tena."

"Na wale wageni?"

"Watakuja hivyo hivyo. Jumatano, saa nne."

"Basi usijitie maradhi. Kama chombo hakipo, sisi tupo. Tutawapokea kwa mikono yetu."

Nikasema sawa. Nikakata simu. Maneno yale niliyasikia kama maneno ya mtu mzima anayemtuliza mtoto, sikuyatilia maanani. Nilirudi Ukunda nikajifungia. Siku nne nzima nilikuwa nikizunguka chumbani namtukana kila mwenye mhuri katika nchi hii, sikupika, sikupokea simu. Hata Shangazi alinipigia Jumapili, sikupokea. Ningaliweza kwenda. Ningalichukua panga nikafyeka njia baina ya safu, nikapanda juu ya paa la jirani, nikapiga picha mbovu lakini za kweli. Hasira ilinikalisha chini, na mimi nikadhani ninapigana.

Jumatano nilifika saa tatu asubuhi. Nilipokata kona ya mwisho nilidhani nimepotea njia.

Shamba lilikuwa jeupe. Limefyekwa, limechomwa, limefagiwa kwa mafagio ya chelewa mpaka mchangani pameandikika mistari. Hapana kichaka, wala kigutu kimoja. Palikuwa na minazi michanga ya Shangazi, imesimama ovyo ovyo kama watu waliokuja mkutanoni wakakuta mkutano umeahirishwa, na pembeni lundo la majivu bado linatoa moshi.

Shangazi alitoka amevaa leso mpya, doti nzima, ananukia udi. "Umeona?" akaniambia. "Umeona kazi ya watu? Nimewaita majirani wote kwa mweria, kazi ya kusaidiana, wametoka kila nyumba, siku tatu! Wanaume wamekuja na mashoka, wengine na msumeno wa petroli. Yale magogo yaliyooza yalikuwa aibu, mwanangu, wageni wakubwa waje waone makaburi ya minazi? Na visiki tumeving'oa, tukafukia mashimo, wasije wakajikwaa na viatu vyao vya afisini."

Nilikaa chini mchangani. Akadhani ni uchovu wa safari. Alinipa maji.

Ndivyo tulivyo. Ndivyo nilivyolelewa na mimi. Mgeni akija unafagia uwanja, unatoa mkeka mpya, na kibovu unakificha au unakichoma. Nani angemfundisha Shangazi kwamba safari hii kibovu ndicho kilichotakiwa kuonyeshwa? Mimi. Nilikuwa mimi peke yangu niliyejua, na nilijua kwa wiki tano.

Walikuja saa nne na nusu: afisa wa ardhi, mpimaji, chifu, na yule wakili. Wote wanne walimwamkia Shangazi shikamoo, naye akawaitikia marahaba mmoja mmoja, akawakalisha, akawapa chai ya tangawizi na mahamri na mbaazi za nazi. Mpimaji alitembea shambani dakika kama kumi. Akaishika minazi, akaitazama juu.

"Hii ni ya miaka kumi, kumi na mitano," akasema.

Wakili aliweka kikombe chini taratibu. Sitasema alikuwa mtu mbaya, alikula mahamri mawili na akashukuru. Akauliza kwa upole: "Mama, kabla hamjapasafisha, hapa palikuwaje?"

"Pori, baba," akasema Shangazi kwa fahari. "Pori na magogo matupu. Tumewasafishia nyinyi."

Afisa akaandika.

Nikasimama. "Magogo yale yalikuwa minazi ya babu! Ilikuwa kwa safu, hatua tisa tisa, ya zamani sana!"

Afisa alinitazama kwa subira. "Iko wapi, dada?"

"Imechomwa."

"Visiki?"

"Vimeng'olewa."

"Una picha?"

Nilitoa simu. Nikamwonyesha majani, na Shangazi anatabasamu. Akaitazama ya kwanza, ya pili, ya tatu, akanirudishia. Shangazi akamwongezea chai.

Jibu lilisomwa kwa chifu baada ya miezi minne. Halikuwa refu. Dalili za makazi ya zamani hazikuonekana, na mkaazi mwenyewe alikiri kwamba palikuwa pori. Shangazi alimwomba karani amsomee tena pale penye neno "alikiri", kisha akaniuliza mimi, "Ni mimi hapo?" Nikasema ndiyo, ni wewe. Alipewa siku za kuhama, akahama kabla hazijaisha, na kabla ya kutoka aliufagia uwanja. Siku hizi pana ua wa mabati.

Sasa anaishi na mimi Ukunda, chumba na sebule, nyumba ya kupanga. Wageni wakija huwaeleza kisa chote, na kisa chake kina adui mmoja. "Huyu mwanangu angeniokoa," huwaambia. "Alikuwa na ndege yake. Serikali wakamzuilia kile kidude, kidogo tu, kama kungumanga, amenionyesha kwa kiganja. Lau kingekuja kidude kile, leo niko kwangu." Wageni husikitika, huilaani serikali, na mimi hutazama chini. Si uongo. Lau mota ingekuja, picha zingepigwa wiki tatu kabla ya shoka la kwanza. Hulishikilia hilo kwa nguvu zangu zote.

Lakini juzi, tumekaa sakafuni, anachambua mchele, aliniuliza bila kuinua uso.

"Nimekuwa nikifikiri. Vile vigutu. Kama nisingevikata, vingetufaa?"

Nilijua hapa ndipo pa kusema: vingetufaa, Shangazi, hivyo ndivyo vilivyokuwa ushahidi wetu, na mimi nilijua nikakunyamazia. Hilo la mwisho, la kwamba nilijua, ndilo lililonifunga mdomo.

"Havingefaa kitu," nikasema. "Ilikuwa ni mota tu."

Akashusha pumzi ndefu, akaweka ungo chini. "Alhamdulillahi. Maana nilikuwa silali, nikidhani nimemkata baba yangu kwa mkono wangu." Akaniwekea kiganja kichwani, kina vumbi la mchele, akaniombea dua ndefu: Mungu anizidishie, Mungu anilipe kwa yote niliyohangaika kwa ajili yake, Mungu asinipe mzigo nisioweza kuubeba. Na mimi niliitikia amina, kila mara alipotua.